Moshi Usio na Meli

TANGAZO

Kwa wakazi wote wa pwani ya Sangamwamba.

Nchi hii haimo vitani. Haina rafiki wala adui kati ya wanaopigana. Kwa hiyo kila mkazi aendelee na mambo yake kama siku zote. Asiongeze, asipunguze. Atakayeanzisha jambo jipya kwa ajili ya vita, au atakayeacha jambo la zamani kwa ajili ya vita, atahesabiwa ameegemea upande, naye atapelekwa kazi ya barabara.

Moraishi,
Shefu wa Posto

(Lilisomwa sokoni na Amade, karani wa huyo mkuu Mreno wa kituo cha serikali, mara mbili. Mara ya pili alisoma kwa sauti ndogo, maana hapakuwa na msikilizaji.)


1

Msomaji, usiketi kwenye mawe hayo. Yana wenyewe.

Juu ya jabali la Sangamwamba, upande wa Wareno, kusini ya mto Ruvuma, mawe yamepangwa matatu matatu kama mafiga ya jikoni, ila hapapikwi chakula. Kila nyumba yenye mwanamume melini ina mafiga yake hapo. Meli yake ikipita, mwanamke wa nyumba hiyo huwasha makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, na moshi mweupe hupanda wima mpaka mtu aliye mbali majini auone. Wenyewe huita kufukiza.

Moshi mmoja:     tu wazima.

Mioshi miwili:     amezaliwa mtoto.

Pasipo moshi:



     nyumbani kuna msiba.



Na moshi usio na meli? Huo ni wa aliyezama. Huwashwa siku moja tu, bahari ikiwa tupu, ili roho yake ijue kwao ni wapi.

Tena habari ilitangulia meli. Kipakoni, kijiji cha kusini, kilikuwa na vijana wake katika meli zile zile. Kipakoni wakianza kufukiza, Sangamwamba wanauona moshi wao na kwenda kuloweka makumbi. Meli haijatokeza hata ncha ya mlingoti, pwani nzima imekwisha jua kwamba inakuja na inatokea wapi.

Pwani nzima, na yeyote mwingine mwenye macho.


2

Atija aliolewa na Mfaume mtia makaa, na katika ndoa hiyo akapata mafiga, mama mkwe na meli.

Meli ilikuwa ya Waingereza. Jina lake la Kizungu liliwashinda watu, wakaiita Kikohozi, kwa jinsi bomba lake lilivyokuwa likipaliwa. Ilikwenda Durban ikirudi Dar es Salaam, na tangu vita vya pili vya Mjerumani vianze haikubeba tena baiskeli na vitambaa, ilibeba vitu vilivyofunikwa maturubai. Mfaume hakuwa na ugomvi na Mjerumani yeyote. Alikuwa na beleshi na tanuri.

Mama mkwe, Bi Mwanamkuu, alikuwa amemfukizia mumewe mpaka akafa kitandani kwa uzee, jambo ambalo si wake wote wa mabaharia wanalipata, na sasa alimfukizia mwanawe. Mafiga hakuyaachia.

"Wewe puliza," alimwambia Atija siku ya kwanza. "Kuwasha ni kazi ya aliyemzaa."

"Na kupuliza ni kazi ya nani, mama?"

"Ya mwenye mapafu mapya."

Basi Atija akawa mpulizaji. Moshi ulimwingia machoni, akatoka machozi, na wenzake wakamcheka kwamba analia mume angali hai.


3

(Mfaume, chini kabisa ya meli.)

Huku hakuna bahari. Kuna moto, na mlango wa moto, na makaa yasiyokwisha. Sarahangi, msimamizi wetu, ni mtu mwema. Tukifika usawa wa kwetu huniachia nipande juu kidogo. Natazama nchi. Nikiuona ule mweupe, nashuka. Wenzangu wananiuliza, wamesemaje? Nasema, wamesema samaki wameungua. Tunacheka, tunaendelea.

Zamani meli ilijibu kwa honi. Sasa nahodha amekataza, anasema honi itatuua. Kwa hiyo wao wanasema na mimi sijibu. Si kitu. Mradi waseme. Siku nitakayopanda nisione ule moshi, sijui kama miguu hii itakubali kushuka tena kwenye tanuri, sijui kama


4

Maji yalikuwa yamekupwa sana, Atija akaenda kuokota chaza mbali kuliko kawaida, mpaka kwenye kisiwa cha Popo, ambacho hakina watu. Akazunguka jiwe.

Chuma.

Kirefu, cha rangi ya maji machafu, kimelala kwenye kivuli cha kisiwa kama mtu aliyelala kwa jirani bila kubisha hodi. Juu yake wanaume weupe, vifua wazi, wengine wanafua. Mmoja, mwenye ndevu nyekundu, alikuwa na darubini machoni.

Hawakumfanya kitu. Huyo wa ndevu nyekundu alimpungia mkono. Atija, kwa kuwa alifunzwa adabu, akapunga.

Usiku ule, na kesho yake, na siku zilizofuata, palikuwa na kitu kinamwasha rohoni na hakukijua ni nini. Si chuma chenyewe. Si wale watu. Kulikuwa na jambo katika jinsi walivyokaa ambalo halikukaa sawa, kama nguo iliyovaliwa nyuma mbele, na kila alipotaka kulishika lili...


5

YALIYOSIKIKA KISIMANI

"Ni nyambizi. Amade kasema ndiyo inaitwa hivyo."

"Ni Wajerumani."

"Mimi wamenunua kuku wangu wote, hata yule kiwete."

"Umewauzia kiwete?"

"Wanakwenda kumla, hawaendi kumchezesha ngoma."

"Shefu anajua?"

"Shefu anajua. Shefu anatazama mlima."


6

Meli iliyoitwa Kibuyu, kwa umbo lake, ilipita mchana kweupe. Kipakoni wakafukiza, Sangamwamba wakafukiza wale wenye watu humo. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, moshi ulisimama kama nguzo.

Mlio ulikuja baadaye, mzito, ukipita chini ya miguu kwanza kabla ya kufika masikioni.

Kisha machungwa. Yalikuja na maji kujaa, mengi, shehena ya Kibuyu, yakabingirika ufukweni, na hakuna mtoto aliyethubutu kuyala.

Kisha Sandali, kijana wa Kipakoni, mtia makaa kama Mfaume, amekumbatia mlango wa mbao. Wakampa maji na uji. Aliposema, alisema neno moja akalirudia, akilisema kwa Bi Mwanamkuu, kwa Atija, kwa ukuta:

"Ilikuwa inatungoja. Tulikuwa tumepita mbali na njia ya siku zote, nahodha alibadili njia, hakuna aliyejua. Ilikuwa inatungoja."


7

MAMBO AMBAYO NCHI ISIYOMO VITANI INAWEZA KUMPA MPIGANAJI BILA KUMPA KITU

Kivuli cha kisiwa.

Maji matamu ya kisima. (Hanyimwi mtu maji.)

Maili tatu za bahari ambamo adui yake haruhusiwi kumfuata.

Taa ya rasi, inayowaka kwa sababu kuizima kungekuwa kuegemea.

Kuku kiwete.

Adabu.

Shefu anayetazama mlima.

Na


8

Alikuwa akichagua mchele. Ungo magotini, chuya upande huu, mchele upande huu, na akili haipo. Ndipo lilipomjia, nyuma mbele na yote.

Yule mwenye ndevu nyekundu. Mwindaji wa meli, amekaa na darubini, ameipa bahari kisogo.

Alikuwa anatazama wapi?

Nchi kavu.

Nchi kavu kuna nini cha kutazama?

Mchele ukamwagika. Atija alisimama mlangoni akatazama jabali, akatazama mawe meusi kwa masizi ya bibi na mama wa watu, akahisi kama mtu aliyegundua kwamba miaka yote hiyo mlango wa nyumba umekuwa ukifungukia kwa mwizi.

Sisi.


9

Moraishi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye homa za vipindi, aliyejifunza lugha ya pwani kutoka kwa mpishi wake na kwa hiyo aliisema kama mtu anayeagiza chakula. Alimkaribisha Atija kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unataka nini sasa, mama?"

"Uwaondoe pale, Shefu. Au utoe amri moshi uzimwe."

"Kuwaondoa sina kitu cha kuwaondolea. Nina bunduki za askari wangu, na mbili zina kutu." Alifikicha macho. "Kuzima moshi, siwezi kuamuru. Mkizima kwa ajili ya nyambizi, mmewasaidia Waingereza. Nchi hii haimsaidii mtu."

"Na tukiwasha?"

"Mkiwasha mmefanya lenu la siku zote. Hamjasaidia mtu."

"Shefu, watu wamekufa kwa hilo la siku zote."

Nje karani Amade alikuwa akipiga chapa kwa taipureta, kidole kimoja, kidole kimoja.

"Mume wangu yumo Kikohozi," Atija alisema. "Ikirudi kutoka Durban inapita hapa."

"Mume wako alipanda meli ya watu wanaopigana."

"Alipanda meli ya kazi. Vita vimempandia humo humo."

Moraishi akatazama dirishani, upande wenye mlima.

"Ukizima," alisema taratibu, "nitalazimika kukupeleka barabarani. Nami sitaki. Nakuomba usinilazimishe."

Hivyo ndivyo Atija alivyojua kwamba mtu anaweza kukuomba radhi na kukuulia mume katika pumzi moja, na akamaanisha yote mawili.


10

(Mwenye ndevu nyekundu. Haya hakumwambia mtu wa pwani. Aliyasema ndani ya chuma, kwa lugha yao.)

Mwanzoni nilidhani wanachoma taka. Kisha nikaona: moshi unaanza kusini, unafuata hapa, na muda si mrefu meli hiyo. Hatukuwahonga. Hatukuwatisha. Wanatufanyia kazi ambayo ndege ingeshindwa, na hawajui.

Yule mwanamke wa chaza nilimpungia mkono. Naye akanipungia. Mama yangu naye husimama kwenye gati la kwetu akipunga, hata kwa meli ambazo simo.

Nisifikirie hilo.


11

"Tusiwashe," Atija alisema.

Bi Mwanamkuu alikuwa akisuka ukili. Hakuinua uso. "Ili mwanangu apande juu, atazame kwao, aone nimekufa."

"Afadhali adhani umekufa, mama, kuliko afe yeye."

"Unamjua Mfaume miaka mingapi wewe? Mimi nilimbeba tumboni. Huyo ataruka. Ataruka majini aje kunizika, na mkondo wa pale haumrudishi mtu. Utakuwa umemwokoa na Mjerumani ukampa papa."

Ilikuwa kweli, na wote wawili walijua ni kweli. Kuwasha ni kumwambia mwindaji. Kutowasha ni kumwambia Mfaume uongo utakaomtoa melini. Atija alilizungusha jambo hilo asubuhi nzima, akalisema jikoni, akalisema uani, akamfuata mama mkwe mpaka chooni akalisema nje ya ukuta wa makuti.

"Atija," sauti ikatoka ndani, "tangu jua linatoka unanisemesha. Nimefika mahali sikusikii tena. Unasema, lakini ni kama kuku anaparua."

Atija alikuwa amesimama wima nje ya ukuta.

"Atija? Umekwenda?"

"Nipo, mama. Rudia ulivyosema."

"Nimesema unanichosha."

"Hapana. Umesema mtu akisema kutwa hasikiki."


12

Bi Mwanamkuu alipoelewa, alimpiga kofi.

Si kubwa. Lakini alikuwa hajawahi kumpiga.

"Kila siku? Bahari tupu na wewe unafukiza? Unajua moshi usio na meli ni wa nani? Unataka nikae juu ya mwamba nimwite mwanangu kama maiti, leo na kesho na kesho kutwa, mpaka Mungu aseme haya, mama mwenyewe ameomba?"

"Wanaotazama hawatajua tena ni siku ipi yenye meli. Na Mfaume, siku yoyote atakayopita, ataukuta."

"Usitaje jina lake katika habari hiyo."

Wakalala. Asubuhi kitanda cha Bi Mwanamkuu kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshika njia ya Kipakoni, peke yake, kwa miguu yake ile yenye vivimbe, na hakusema anarudi lini.


13

(Bi Mwanamkuu, baada ya kurudi. Aliyasema amekaa kizingitini, viatu mkononi.)

Nimekwenda kwa mama zao wale wa Kibuyu. Nimewakuta wanafukiza moshi wa mwisho, ule wa mara moja. Nikakaa nao. Nikamwuliza mmoja, siku ile ulifanyaje? Akanionyesha. Makumbi aliloweka vizuri. Upepo aliusubiri utulie. Aliomba dua kabla. Hakukosea kitu, mwanangu. Wote hawakukosea kitu. Walifuata kila kitu kama walivyoachiwa na mama zao, na ndicho kilichowaulia watoto.

Nimewaambia habari yako. Nilidhani watanifukuza. Mama yake Sandali, ambaye wake amerudi, akasema, mimi nina makumbi ya kutosha. Wale wengine, ambao hawana tena mtu wa kumfukizia, wakasema na wao wataleta.

Kama Mungu ananijua, anajua simwiti mwanangu. Na kama hanijui mpaka leo, basi

Nipe kibiriti.


14

     moshi
     moshi
      moshi
     moshi

Jumamosi, bahari tupu.

      moshi
     moshi
     moshi

Jumapili, bahari tupu.

     moshi     moshi     moshi     moshi     moshi     moshi

Kipakoni, Sangamwamba, na vijiji vya mbele ambavyo havikuombwa na mtu.


15

TANGAZO

Imeonekana kwamba desturi ya kufukiza imezidi kiasi. Wakazi wanakumbushwa kwamba waliamriwa wasiongeze. Aidha waliamriwa wasipunguze. Kwa hiyo wanaagizwa kufukiza kwa kiasi cha kawaida, ambacho kitatangazwa

(Karani Amade aliishia hapo. Aliulizwa kitatangazwa lini. Akasema ukurasa wa pili ulipulizwa na upepo. Upepo haukuwapo.)


16

(Mwenye ndevu nyekundu.)

Juzi tulitoka kwa ajili ya moshi. Hakuna meli. Jana tulitoka. Hakuna. Leo sikutoka, na pengine leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mafuta yanapungua. Watu wangu wananitazama kama wagonjwa wanavyomtazama daktari mgeni. Natafuta kosa katika moshi huo, tofauti ndogo, mweupe zaidi, mzito zaidi. Natazama mpaka macho yanauma. Unasema, unasema, unasema.


17

Moraishi alipanda jabali mwenyewe, kofia ya jua kichwani, jasho likimtiririka. Wanawake hawakuinuka.

"Nilisema msiongeze."

"Karibu, Shefu," Bi Mwanamkuu alisema. "Kaa, lakini si hapo, hapo pana mwenyewe."

"Mama, kila siku moshi. Meli iko wapi?"

"Tuna msiba wa Kibuyu. Moshi usio na meli ni wa waliozama, ni desturi ya zamani. Waulize wazee wako wa baraza."

"Niliambiwa huwashwa siku moja."

"Kwa mtu mmoja. Hao walikuwa wengi." Akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto anayeumwa. "Kwenu, Shefu, mtu akifa, serikali huwapangia siku za kulia?"

Mwanamke mmoja alicheka, akafunika mdomo. Moraishi alitazama mawe. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu alipoletwa posto ile, alisimama akiwa ameugeuzia mlima mgongo, akatazama baharini, kwenye kisiwa cha Popo, muda mrefu.

"Nitaandika kwamba," alisema. "Katika taarifa yangu nitaandika kwamba hapa nimeona"

Akashuka. Hakuna aliyepelekwa barabarani siku ile. Kesho haikuwa na ahadi.


18

Kuna jambo ambalo Atija hakulipigia hesabu.

Zamani Kipakoni wakifukiza, ulijua. Sasa Kipakoni wanafukiza asubuhi mpaka jioni, na kusini yote ni ukungu mweupe, na mbele nako ukungu, na macho ya wanawake wenyewe yamekuwa mekundu, hayaoni zaidi ya povu la mwamba. Kumfumba macho mwindaji kulihitaji moshi mwingi kiasi hicho. Haukuchagua mtu.

Msimu wa Kikohozi kurudi ulikuwa umeingia. Huenda ilikuwa bado Durban. Huenda ilipita jana, Mfaume akapanda juu, akauona ule mweupe, akashuka akawaambia wenzake neno la samaki kuungua. Huenda.

Atija alipuliza. Siku hizi mama mkwe alimwachia na kuwasha. Walipokezana, mmoja akichoka mwingine anaingia, bila kuulizana nani amemzaa nani.

Ilikuwa adhuhuri, bahari imejificha, ndipo kitu kilipolia huko nje.

Kizito. Kifupi.

Wanawake wote wakainua vichwa. Mlio ungeweza kuwa radi ya mbali. Ungeweza kuwa mwamba, bamvua likipiga pango la chini. Ungeweza kuwa bomba bovu la meli limepaliwa na moshi wake. Ungeweza kuwa

Bi Mwanamkuu akamshika Atija mkono.

"Ni yeye?"

Atija akasikiliza. Alisikiliza kwa masikio, kwa nyayo, kwa tumbo. Moshi ulipita usoni mwake ukaenda baharini, na baharini hakukurudi kitu.

"Sijui, mama."

"Ni ile nyambizi?"

"Sijui."

Mama mkwe akauachia ule mkono, akavuta kikapu cha makumbi, akakisogeza karibu na mafiga.

"Basi ongeza," alisema. "Kama yupo, bado anatazama."

Atija akaongeza.